Kabla ya kutoa tangi la motokari nyumbani, mama atoe ruhusa

Ndugu mtumishi, na wewe mama wa nyumba, leo hatutasema juu ya kofia ngumu wala viatu vya kazi. Leo tunaingia katika kiwanja chako, siku ya Mungu, saa ile motokari ya zamani inafunguliwa chini ya mwembe.

Motokari hizo mnazijua. Coccinelle ya Volkswagen, Peugeot 404, ambazo wazee walizinunua kwa mishahara ya miaka mingi. Nyingine zilisimama muda mrefu juu ya matofali, na sasa mtoto au mjukuu anataka kuzifufua. Anatia batri mpya, injini inalia kidogo, kisha inazima. Anafungua karbirateri, anakuta vumbi jekundu la kutu. Anasafisha, motokari inatembea hatua mia mbili, inazima tena. Hapo kila fundi atasema neno moja: kutu inatoka ndani ya tangi la esanse, tangi litolewe lioshwe. Na fundi hakusema uongo. Kazi yenyewe si ngumu. Mimi nataka kusema juu ya moto wa jikoni, kwa sababu moto huo ndio karibu uue watu katika kiwanja changu.

Nilikuwa na Coccinelle. Tangi la Coccinelle liko mbele, chini ya kifuniko, mbele ya kioo. Linachukua litri 40 hivi, na linashikwa na buloni nne tu. Nilijiona fundi. Nikakata tiyo ya chini, nikaweka beseni la kufulia chini yake, esanse ikaanza kushuka. Bibi yangu alikuwa anapika bukari kwenye mbabula, upande wa pili wa kiwanja. Akauliza: « Baba, hiyo harufu haitafika huku? » Nikamjibu: « Wewe pika. Haya ni mambo ya motokari. »

Kutoka beseni mpaka mbabula nilihesabu baadaye hatua tisa. Sikuona moto ukianza. Niliona tu kitu cha buluu kinakimbia juu ya udongo, kutoka kwa bibi kuja kwangu, na beseni likawaka. Nikataka kuchukua ndoo ya maji. Bibi ndiye aliyenisukuma, akamwaga mchanga wa ujenzi kwa karai, mara nne, mara tano. Mguu wangu wa kushoto una alama mpaka leo. Mtoto wetu mdogo alikuwa amelala nyuma ya nyumba. Siku nyingine alikuwa akicheza karibu na motokari ile.

Sasa tuelewane juu ya kilichotokea, kwa sababu watu wengi wanaamini esanse inawaka ikiguswa na moto. Kinachowaka ni mvuke wake. Mvuke huo unatoka hata katika baridi ya asubuhi ya mwezi wa sita, maana esanse inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya digri 40 chini ya sifuri. Na ni mzito kuliko hewa mara tatu mpaka nne. Haupandi juu kama moshi. Unashuka, unatambaa, unajaza shimo na mfereji, unapita chini ya mlango, unafuata upepo mpaka unakuta moto. Ninyi mnaotumika chini ya udongo hamhitaji mafundisho marefu juu ya hewa mbaya inayolala mahali pa chini. Basi, hata fosi ya garaji ni mahali pa chini. Usifungue tangi ndani ya fosi, wala ndani ya garaji iliyofungwa.

Kuna neno la pili ambalo linapinga akili ya mtu. Tangi likikwisha kumwagwa, wengi wanapumua na kusema hatari imekwisha. Hapana. Hatari imeingia. Mvuke wa esanse unawaka kama uko kati ya karibu 1,4 na 7,6 kwa mia ya hewa. Ndani ya tangi lililojaa hewa ni kidogo na mvuke ni mwingi mno. Ndani ya tangi lililomwagwa hewa imeingia, na esanse iliyobaki inatoa mvuke wa kiasi kile kile kinachotakiwa kupasuka. Kwa tangi la litri 40, kijiko kimoja cha chai cha esanse kinatosha. Na kijiko kimoja kinabaki daima, katika kutu, katika mkunjo wa bati, pale vipande viwili vya tangi vinapounganika.

Ndiyo sababu ninakasirika nikiona kijana amebeba tangi begani kwenda kwa mpiga sudire wa barabarani. Anasema ameliosha kwa maji na sabuni ya unga, ameliweka juani siku tatu, halinuki tena. Pua si chombo cha kupima gazi. Moto wa sudire unapasha bati, esanse iliyojificha katika mkunjo inatoa mvuke, na tangi linafumuka kama ngoma mbele ya uso wa mtu. Wengine wanasema: lijaze maji, kisha piga sudire. Maji yanapunguza nafasi ya mvuke, lakini pembe moja yenye hewa inabaki juu, na nyumbani hakuna wa kuipima. Kwenye atelye ya kweli tangi linapigwa mvuke wa maji ya moto muda mrefu, kisha hewa yake inapimwa kwa chombo kabla ya mtu kuwasha kitu. Kama hakuna atelye namna hiyo karibu, tafuta tangi lingine lisilotoboka. Nasema waziwazi: kutoa tangi nyumbani, ndiyo, kwa masharti. Kulipiga sudire nyumbani, kamwe.

Na masharti hayo yanatoka wapi? Sisi watumishi tunayajua sana. Kule kazini hakuna mtu anayewasha chalumo karibu na mazuti bila karatasi ya ruhusa ya moto. Mkubwa anakuja, anatazama, anauliza ekstenteri iko wapi, nani anapita hapa, kuna nini nyuma ya ukuta huu. Hatia saini mpaka ameona. Tunanung'unika kidogo, lakini tunangoja. Kisha mtu huyu huyu, akifika nyumbani siku ya Mungu, anafungua esanse hatua tisa kutoka jikoni na haulizi mtu.

Mawazo yangu ni haya: nyumbani pia ruhusa itolewe, na atakayeitoa ni mama wa nyumba.

Najua wanaume wengine watacheka. Watasema bibi hajui motokari. Asijue! Yule mkubwa anayetia saini kule kazini, je, anapiga sudire kuliko mpiga sudire? Anapewa kazi hiyo kwa sababu anajua moto uko wapi na watu wako wapi. Katika kiwanja chako, nani anajua mbabula ya jirani inawashwa saa ngapi? Nani anajua majivu ya jana yametupwa wapi, na kama makala ndani yake yamekufa kweli? Nani anajua mtoto gani amelala na mtoto gani amepanda ukuta? Si wewe uliye chini ya motokari. Unaona buloni tu.

Kwa hiyo, mama, mumeo au mwanao akisema leo anatoa tangi, usimwambie tu « uwe na angalisho ». Simama, uliza. Chakula kimekwisha kupikwa? Kama bado, angoje, ama leo akule bukari baridi. Mbabula izimwe kwa maji, si kufunikwa, maana makala yanaweza kuonekana meusi na yakawa na moto ndani. Mtu aende kwa majirani wa pande zote kuwaeleza, maana mvuke hausomi mpaka wa kiwanja. Watoto waende kwa shangazi. Mchanga mkavu uwe tayari, ndoo mbili au tatu, na kama iko ekstenteri ya unga, bora zaidi. Maji hayafai kwa moto wa esanse: esanse inaelea juu ya maji na kuenda kuwasha mahali pengine. Mimi nilitaka kufanya hivyo, nami nimekaa miaka mingi katika kazi!

Wewe fundi, ukikwisha kupata ruhusa, anza na batri kabla ya kugusa esanse. Katika Coccinelle batri iko chini ya kiti cha nyuma. Toa kwanza waya wa upande wa kutoa, ule wa moins, kisha mwingine. Usiseme batri haihusu: juu ya tangi kuna waya wa kile kifaa kinachopima esanse, na cheche moja ya hapo inatosha. (Coccinelle za kwanza hazikuwa na kipimo hicho. Mwendeshaji akisikia injini inakohoa alisukuma kijiti kwa mguu kufungua esanse ya akiba. Wazee wanakumbuka.) Esanse ishuke ndani ya bidoni ya chuma yenye kifuniko, iliyokaa juu ya udongo. Beseni linatoa mvuke kwa mdomo wake wote, niamini mimi. Fanya kazi mchana, nje, penye hewa. Ukitaka mwanga tumia torshi, si ampuli ya kamba ya umeme, ambayo ikianguka inapasuka na kutoa cheche. Mwenye sigara abaki barabarani.

Na usivute esanse kwa mdomo. Hapa najua ninasema na watu wenye vichwa vigumu, kwa sababu kila mmoja ameona baba yake akivuta kwa tiyo na kutema. Tone likikosa njia na kuingia katika mapafu linayachoma, na ugonjwa wake unaweza kuonekana saa kadhaa baadaye, usiku, wakati hakuna tena anayekumbuka tiyo. Aliyemeza esanse asitapishwe, asipewe maziwa wala mafuta ya mawese. Akitapika, esanse inapita tena karibu na mapafu. Apelekwe hospitali mara moja. Hii ni pia kwa mtoto anayekuta esanse katika chupa ya limonadi. Mama, usiruhusu chupa hiyo ndani ya nyumba yako hata dakika moja, wala bidoni chini ya kitanda.

Takataka nyekundu na nyeusi inayotoka chini ya tangi la zamani usiikwangue kwa mikono mitupu wala usiitupe katika shamba la mboga. Esanse ya miaka ile ilitiwa plomb. Katika Afrika, kusini ya Sahara, ilikwisha kuuzwa mwanzo wa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliiacha mwaka 2021. Lakini tangi ambalo halijafunguliwa tangu wakati wa babu linaweza kuwa limeitunza, na plomb inaharibu akili ya watoto kuliko ya watu wazima. Nguo zilizolowa esanse zivuliwe palepale, zianikwe nje peke yake. Zisipelekwe jikoni.

Mguu wangu ulipopona, tangi lilikaa miezi miwili kando ya ukuta, mdomo wazi, hakuna aliyetaka kuligusa. Mwishowe nilipata lingine lililo zima. Lile nililotia ndani ya motokari lilihitaji kutolewa mara moja tena, juu ya tiyo iliyovuja. Ilikuwa siku ya posho. Bibi alipika kabla ya jua kupanda, akaenda kwa jirani wa kushoto na wa kulia, akawatoa watoto. Akamwaga maji katika mbabula, akaweka kiganja juu ya makala, akaona ni baridi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na motokari, kle mkononi, ninangoja kama kule kazini.

Akasema: « Haya, fungua. »