Zilipendwa na Nani?

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo ningekuwa na uwezo ningelifungulia kesi. Neno lenyewe ni zilipendwa. Litazame vizuri, ndugu yangu unayejiita mwandishi. Ni kitenzi cha kutendwa, wakati uliopita. Zilipendwa. Na nani? Neno halisemi. Ziliacha kupendwa lini, na kwa kosa gani? Halisemi vilevile. Aliyependa kafichwa, umebaki wimbo peke yake, yatima, na yatima kila mwenye nguvu anaweza kumchukua akamtumikisha.

Nayasema haya kwa sababu mabango yamezidi. Hapa Babati ukitoka stendi kwenda sokoni hufiki mbali kabla hujakutana na karatasi ya usiku wa wakongwe, au usiku wa enzi, au usiku wa kumbukumbu. Mpangilio ni uleule. Juu kuna jina la aliyevuma kuliko wote, herufi kubwa kama za hospitali ya macho. Katikati majina manne matano ya wastani. Chini kabisa msururu wa majina ambayo huyasomi mpaka usogeze pua ukutani. Halafu nembo za wadhamini. Nembo zinasomeka vizuri sana.

Usidhani huu ni ushamba wetu peke yetu. Januari 2022 kule Las Vegas, Marekani, lilitolewa bango la tamasha lililoitwa When We Were Young. Bendi zaidi ya 60 kwa siku moja! Nyingi ni za yale magitaa ya kukimbia na sauti za kulia yaliyovuma kwao miaka ya 2000, vijana wenye nywele zilizofunika jicho moja wakiimba namna walivyoachwa: My Chemical Romance, Paramore na wenzao. Tiketi ziligombaniwa. Siku ya kwanza, tarehe 22 Oktoba, upepo ukavuma, onyesho likafutwa watu wameshafika mjini. Niliposoma habari ile nilicheka, kisha nikanyamaza. Wale wa Las Vegas wengi wao angalau walilia na nyimbo zile zikiwa mpya, wana haki ya kuzililia tena kwa pesa zao. Hapa kwetu anayepiga kelele za "enzi zile!" mbele ya jukwaa kazaliwa mwaka 2005. Enzi zipi, mshikaji wangu? Nani kakuuzia?

Tuanze na madingi, maana neno ni lao. Dingi akishakaa vizuri atakwambia muziki ulizikwa na Mbaraka Mwinshehe, Januari 1979, na kwamba redio ya wakati ule ilikuwa na adabu. Sawa, mzee wangu, shikamoo. Lakini adabu hiyohiyo ndiyo iliyoufungia mlango "Mambo kwa Soksi" wa Remmy Ongala, wimbo uliowaambia watu watumie kondomu wakati ukimwi unakomba nyumba nzima nzima. Radio Tanzania haikuupiga. Watu wakaufuata ukumbini na kwenye kanda. Remmy alifariki Desemba 2010, na leo anatajwa kwa sauti nzito ya heshima kama vile hakuna aliyewahi kumzibia. Zilipendwa na nani, basi? Na redio? Hapana. Zilipendwa na dereva wa lori na utingo wake, na mama ntilie, na yule baamedi aliyeujua ukweli wa wimbo ule kuliko mtangazaji yeyote.

Na Marijani Rajabu je? Jabali la Muziki, Dar International, mtunzi wa "Zuwena". Miaka yake ya mwisho alikuwa akiuza kanda kibandani, Kariakoo, jirani na kwake. Akafariki Machi 1995. Huyo ndiye tunayesema alipendwa! Muhidin Gurumo aliimba tangu miaka ya 60, NUTA Jazz, Mlimani Park, Msondo, na alipong'atuka mwaka 2013 ikajulikana kwamba hajawahi kumiliki gari. Mwaka huohuo Diamond Platnumz akamkabidhi moja. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga, na si kwa sababu ya kumchukia Diamond, yeye alitenda. Nilikuwa nahesabu. Nchi ilimcheza Gurumo karibu nusu karne, kwenye harusi, kwenye baa, kwenye sikukuu za taifa, na gari lake likaja kutoka mfukoni mwa mtoto mmoja wa Tandale. Ndiyo kazi ya kitenzi kisichotaja mtenda: kama hatajwi aliyependa, hakuna wa kudaiwa.

Sasa zamu imefika ya Bongo Fleva nayo kukaushwa na kuwekwa kabatini. Hapa ndipo linaponigusa, kwa sababu huu ndio muziki uliotufundisha wengi wetu kwamba Kiswahili cha kijiweni kinaweza kuandikwa kwenye mstari kikasimama. Msidanganywe na heshima ya leo. Ulizaliwa ukiitwa uhuni. Saleh Jabir alipokuwa akiigeuza rap ya Wamarekani kuwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 90, Kwanza Unit walipoungana mwaka 1993, Radio One ilipoanza mwaka 1994 na vijana wakawa wanaganda redioni kusubiri DJ Show, sijasikia mzee aliyesimama akasema hii ni hazina ya taifa. Walisema zima hiyo takataka, kasome.

Leo wahuni wamekuwa waheshimiwa. Sugu aliingia bungeni mwaka 2010 kwa Mbeya, akafungwa mwaka 2018 kwa maneno aliyosema jukwaani kuhusu rais, na Mei 2022 akafanya onyesho Dar la kutimiza miaka 30 ya muziki wake. Professor Jay akawa mbunge wa Mikumi mwaka 2015. Mwana FA mwaka 2023 akateuliwa naibu waziri wa utamaduni, sanaa na michezo. Hayo yote ni halali yao na wala siwaonei wivu. Ninachouliza ni kwamba, mtunzi alipopandishwa cheo, wimbo wake ulipelekwa wapi?

Chukua "Ndio Mzee" ya Professor Jay. Mgombea anaahidi maajabu, umati unaitikia. Mnaukumbuka. Utamu wa kejeli ile ni kwamba anayechekwa si mgombea tu, ni sisi tunaoitikia. Basi nimeshuhudia hapahapa mjini, mwandaaji simtaji, usiku wa kumbukumbu, DJ akaupiga. Mgeni rasmi amekaa mbele kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, anatikisa kichwa kwa raha. MC anageuzia umati kipaza sauti, umati unaitikia kwa mzuka wote, mikono juu, nembo ya mdhamini ikiwaka nyuma. Hakuna aliyecheka. Wimbo uliotungwa kuwacheka watu wanaoitikia ovyo ulikuwa unaitikiwa ovyo. Usiku uleule "Starehe" ya Ferooz, yule mgonjwa wa ukimwi anayesimulia alivyofika kitandani, haikupigwa. Ingeharibu mauzo ya bia, nadhani.

Hivyo ndivyo bango linavyofanya uhakiki, ndugu zanguni. Tunajidanganya kwamba wahakiki ni akina sisi wenye kalamu, au maprofesa wa Mlimani. Kumbe mhakiki mkuu wa sanaa ya Tanzania ni anayepanga ukubwa wa herufi kwenye bango. Yeye ndiye anayeamua nani alikuwapo. Na kwa bango, aliyekuwapo ni wa Dar. Sisi tulioko kaskazini tulikuwa tunasikiliza tu, kumbe.

Uongo mtupu! Mwaka 2002 tulipomegwa kutoka Arusha tukawa Mkoa wa Manyara, mipaka ilihamia kwenye karatasi, masikio yalibaki Arusha. Kanda zilikuja na basi, kwenye vumbi, kabla hakujawa na lami kutoka Minjingu. Na Arusha ilikuwa na lake la kusema. X Plastaz walimchukua mwimbaji wa Kimaasai, Yamat Ole Meipuko, wakamwacha aimbe kama anavyoimba kwao, na wao wakachana juu yake. Albamu yao, Maasai Hip Hop, ilitolewa na kampuni ya Ujerumani mwaka 2004. Faza Nelly aliuawa mwaka 2006. Niambieni ni bango gani la enzi mmeliona lenye jina lake, hata kule chini kwenye herufi za kusogezea pua. Kwa Mmaasai kusikia lugha yake ikisimama sawa na rap lilikuwa jambo kubwa kuliko nyimbo kumi za mapenzi. Wairaqw wana slufay, maombi ya kishairi anayoyasema mzee na waliokaa wakamwitikia, na mtoto aliyekulia kwenye kuitikia kule hakuhitaji kufundishwa na mtu wa Dar maana ya kiitikio. Hili peke yake lingetosha makala nzima, na kama kuna mwenzangu wa Dareda au Mbulu anayeyajua vizuri kuliko mimi, kalamu ni yake.

Lakini lawama nyingine nawaletea ninyi, wenzangu wa jarida hili, na mniwie radhi kwa kuwa nawasema humuhumu ndani. Mashairi yanayoletwa hapa yana redio ya mbao. Yana kanda iliyokwama. Yana mvua ya utotoni na bibi na kibatari. Hadithi fupi inaanza "enzi hizo" na mwandishi wake bado anaombwa kitambulisho mlangoni pa disko. Mnajua mnachofanya? Mnaandika bango. Tofauti yenu na mwandaaji ni kwamba yeye analipwa.

Mnadai mnawaenzi akina Marijani. Marijani hakuwa anaimba mambo ya kale. Walioitwa zilipendwa wote, ukiwachunguza, walikuwa watu wa habari za jana. Remmy aliimba ukimwi ukiwa unaua, hakusubiri uwe kumbukumbu. Professor Jay aliimba mgombea watu wakiwa bado wanazikumbuka ahadi za uchaguzi uliopita. Basi nanyi nipeni jana yenu. Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazonunua nje, bei hapa Babati ilianguka kama embe bovu. Kuna watoto walirudishwa shule kwa ajili ya magunia yaliyokaa ndani yakisubiri mnunuzi. Nani kaandika? Tarehe 3 Desemba 2023 mlima Hanang' uliporomosha tope na mawe juu ya Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa, hapo tu, mwendo wa basi wa muda mfupi. Tulichangisha nguo na unga, vizuri. Miezi michache baadaye nikapokea hapa shairi kuhusu redio ya mbao.

Najua jibu lenu. Mtasema kukumbuka si dhambi, kwamba hata mimi nikisikia "Mikasi" ya Albert Mangwea roho inanitoka kidogo. Inanitoka, tena sana. Alipofia Afrika Kusini Mei 2013 nilikosa la kusema siku nzima. Simkatazi mtu kukumbuka. Nakataza kitenzi cha kutendwa. Ukikumbuka, taja mtenda: nani alipenda, wapi, kwa shilingi ngapi, na ilimgharimu nini.

Naanza mimi. Mwaka 2004, mtaa wa Nangara, binamu yangu alipenda. Alikuwa darasa la saba. Alikuwa na redio kaseti ya kaka yake, ya kuazima, na daftari la kurasa 96 aliloambiwa ni la Sayansi. Alikuwa akisikiliza mstari mmoja, anazima, anaandika, anarudisha kanda kwa kuizungusha na kalamu ya Bic ili asile betri, anasikiliza tena. Wimbo mmoja ulimchukua jioni mbili, wenye maneno ya haraka tatu. Pale asiposikia vizuri aliweka neno lake mwenyewe, na mara nyingine neno lake ni zuri kuliko la msanii, nimelinganisha. Alikamatwa, alichapwa, daftari likafichwa juu ya dari na likanusurika. Hajawahi kuhudhuria usiku wowote wa kumbukumbu, ana watoto watatu na duka la rejareja Maisaka, anasema kiingilio ni kikubwa na MC anapiga kelele mno.

Ninalo hapa ninapoandika. Nyimbo 31, mwandiko wa kulala, majina ya wasanii kayapigia mstari kwa wino mwekundu. Ni ushahidi mzito kuliko mabango yote ya stendi yakiwekwa pamoja, na naamini madaftari ya namna hii yako mengi juu ya dari za mji huu. Yaleteni kabla panya hawajayamaliza, tutayasoma hapa kijiweni na kuyanakili, na wenyewe wataandikwa majina yao wakitaka. Katika hili langu wimbo wa 19 umekatika katikati ya ubeti wa pili. Chini ya mstari wa mwisho binamu ameandika, kwa penseli: hapa betri ziliisha.