Dirisha si tarehe

KUTOKA ITUMBA
Na Tusekile Mwampashi

Jumatatu iliyopita nilijibanza kwenye kibaraza cha duka moja hapa Itumba, nikisubiri mvua ipungue. Akaja bibi mmoja, kanga imelowa mabegani, akaomba chumvi na kipande cha sabuni. Mwenye duka hakumuuliza hela. Alifungua daftari la madeni, akalifikia jina la bibi, akaandika. Juu kabisa ya ukurasa ule, mahali ambapo wengine huandikiwa tarehe ya kulipa, paliandikwa neno moja tu: TASAF.

Nikamuuliza, “Bibi, hela zinatoka lini?”

“Si wamesema Januari, mwanangu? Nasubiri.”

Waliosema ni nani? Jirani. Jirani kaambiwa na nani? Na wenzake bombani. Wiki moja nyuma, maneno hayohayo ya bombani yalimshusha bibi huyu mlimani kwa miguu, kwenye utelezi, akafika akakuta hakuna malipo wala aliyetangaza malipo. Akageuza.

Nimeamua kuliandika jambo hili kwa sababu naona kaya nyingi za wilaya yetu ya Ileje zinalichanganya, na kuchanganya huko kunazigharimu chakula. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, umekuwa ukiuendesha tangu 2012, umepangwa kulipa kila baada ya miezi miwili, siyo kila mwezi. Mwaka una madirisha sita ya malipo, kuanzia la Julai na Agosti hadi la Mei na Juni. Kwa hiyo mtu akisikia “dirisha la Januari na Februari”, anadhani hela inaingia Januari. Sivyo. Hilo ni jina la miezi inayolipiwa. Siku ya hela kufika mkononi ni habari nyingine kabisa.

Kabla haijafika kuna kazi. Mahudhurio ya watoto shuleni yanakusanywa, na ya wadogo kliniki yanakusanywa, maana sehemu ya ruzuku inategemea masharti hayo. Mtoto wa shule anatakiwa ahudhurie asilimia 80 ya siku za masomo. Orodha ya malipo inaandaliwa, fedha zinatumwa. Anayelipwa kwa simu au benki anangoja ujumbe, anayelipwa taslimu anangoja wahusika wafike kijijini. Hatua moja ikikwama, siku inasogea.

Sasa mtu atasema, hela yenyewe si nyingi, ya nini kuhesabiana siku? Ni kweli si nyingi. Mpango ulipoanza, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, na hata kaya yenye watoto wengi haikuvuka 38,000. Lakini hebu tuihesabu kwa Januari ya huku kwetu. Mahindi shambani bado mabichi, ghala limebaki vumbi, na mavuno ni hadi Mei au Juni. Bibi yule alinisimulia kwamba mwaka juzi, mwezi wa pili, alikopa debe moja la mahindi kwa makubaliano ya kurudisha madebe mawili akivuna. Hela yake ya TASAF ilitoka siku tisa baadaye. Siku tisa! “Ningejua,” akasema, “ningewapikia wajukuu maboga na majani yake, tukavumilia.” Debe zima la jasho lake liliondoka kwa kukosa kujua siku, na hakuna hesabu ya serikali inayoliona debe hilo.

Simu nazo zimerahisisha na zimetatiza. Ujumbe unaingia kwenye simu ya mjukuu aliyeko Tunduma, au kwenye simu iliyozimika chaji tangu jana. Mlengwa akiupata, anakwenda kwa wakala anaambiwa fedha taslimu zimekwisha, kwa sababu wote wameingiziwa siku moja na wakala hakujua ajiandae. Hata wakala anahitaji tarehe.

Kuwapa watu tarehe kunawezekana. Zanzibar, wazee waliotimiza miaka 70 wamekuwa wakipokea Pencheni Jamii tangu Aprili 2016, na ni ya kila mwezi. Marekani, msaada wa chakula uitwao SNAP una ratiba inayojulikana na kila anayeupokea: jimbo la California huuweka ndani ya siku kumi za mwanzo wa mwezi, kila mtu kwa tarakimu ya mwisho ya namba ya faili lake. Novemba 2025, shughuli za serikali yao zilipokuwa zimesimama, msaada huo ulichelewa, na ukawagusa watu wapatao milioni 42. Kelele zilianza hata kabla siku haijafika, na kesi zikafunguliwa mahakamani. Kwa nini? Kwa sababu kila mmoja alikuwa na tarehe yake, na mwenye tarehe ana cha kudai. Bibi yetu hata akicheleweshewa mwezi mzima, ataulalamikia nini? Aliahidiwa siku gani?

Ninachoomba ni kidogo. Siku ya malipo, kabla watu hawajatawanyika, kamati ya usimamizi ya jamii na mtendaji wa kijiji watamke wiki inayotarajiwa kwa dirisha linalofuata. Iandikwe kwa chaki kwenye ubao wa matangazo, Ibaba iandikwe, Ngulilo iandikwe. Ikibadilika, ifutwe iandikwe nyingine, pamoja na sababu. Nasi tunaojua kusoma, tukipita tumsomee mzee asiyeona vizuri. Na ninyi walengwa, msiogope kuuliza kwenye mkutano wa kijiji. Kuuliza siku ya haki yako si utovu wa adabu.

Mvua ilipokatika, bibi alifunga chumvi kwenye pindo la kanga. Akasita mlangoni, akauliza kwa sauti ya chini kama angeweza kupata na kilo mbili za unga. Mwenye duka alitazama ukurasa wake kwa muda. “Bibi yangu,” akasema, “ningekuwa najua ni wiki gani, ningekupa.”