Nani Kasema Ukambani Hakuchezeki?

Mwulize kijana wa Mwingi au wa Wote anayependa gemu za upanga: kama angepewa nafasi ya kutengeneza mchezo wake, shujaa wake angekuwa nani? Mara nyingi atakutajia Mviking kabla hajamtaja mtu yeyote wa kwao. Atakueleza shoka, ngao ya mviringo na jahazi lenye kichwa cha joka. Hilo si la kushangaza. Mwaka 2017 kampuni ya Ubisoft ilitoa For Honor, mchezo unaowakutanisha Waviking na samurai wa Japani na wapiganaji wa Ulaya wenye deraya. Novemba 2020 ikaja Assassin's Creed Valhalla, na tarehe 2 Februari 2021 ikafuata Valheim, ambayo kwa muda wa kama mwezi mmoja tu iliuza nakala milioni 5.

Gemu hizo ni nzuri na vijana wana haki ya kuzipenda. Kinachokera ni maneno yanayofuata baada ya kuzicheza. Utasikia kwamba Waviking wana historia inayochezeka na Wakamba hawana. Kwamba Wakamba walikuwa wachuuzi na wachonga vinyago, hawakuwa na mfalme, hawakuandika chochote, na hata walipopigana walirusha mishale kutoka mbali badala ya kukabiliana uso kwa uso. Kwa hiyo anayetaka mchezo wa mapigano ya karibu aelekee Skandinavia. Maneno haya husemwa kwa kujiamini kana kwamba yamethibitishwa, na wanaoyasema ni pamoja na vijana walioanza kujifunza kutengeneza gemu. Hayana ukweli, na yanawanyima watu wa Kitui na Makueni kazi ambayo wangeifanya vizuri.

Tuanze na huyo Mviking mwenyewe. Watu wengi wa Skandinavia ya zama zile walikuwa wakulima, wafugaji na wavuvi. Waliosafiri, wengi walikwenda kuuza: manyoya ya wanyama, kaharabu, watumwa. Walivamia pia, na uvamizi wa nyumba ya watawa ya Lindisfarne mwaka 793 ndio uliowapa sifa yao mbaya, lakini habari hizo ziliandikwa na watawa, yaani na upande uliopigwa. Hadithi zao wenyewe zilikaa midomoni mwa watu kwa karne kadhaa. Snorri Sturluson, aliyekusanya nyingi za hadithi za miungu yao, alikuwa Mkristo wa Iceland aliyefariki 1241, muda mrefu baada ya zama za Waviking kwisha. Na ile kofia ya chuma yenye pembe mbili? Ilienezwa na mavazi ya jukwaani aliyoyabuni Carl Emil Doepler kwa ajili ya opera za Wagner kule Bayreuth mwaka 1876.

Mviking wa kwenye kioo, basi, ameundwa. Ameundwa kutokana na masimulizi ya mdomo yaliyoandikwa kwa kuchelewa, maelezo ya watu wa nje, vitu vilivyofukuliwa ardhini na ubunifu mwingi wa wasanii. Kama malighafi ni hiyo, Ukambani una nini?

Una Kivoi wa Mwendwa, kwanza. Mfanyabiashara huyu wa Kitui aliongoza misafara ya pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa katika miaka ambayo Wakamba ndio walioishika njia hiyo. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alikwenda kwake mwaka 1849, na tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa Kitui, akauona Mlima Kenya. Mwaka 1851 walisafiri pamoja kuelekea mto Tana. Msafara ukashambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akakimbia peke yake porini, akiteswa na njaa na kiu, hadi akafanikiwa kurudi. Mtunzi wa michezo anayesoma kisa hicho halafu akasema hakuna cha kutengeneza anapaswa kukisoma tena. Mna kiongozi mwenye mali na maadui, mzigo unaotamaniwa na kila mtu, nyika isiyo na maji, mto wa kuvuka, na shambulio ambalo mchezaji anaweza kuwekwa upande wowote.

Kisha una mandhari. Uwanda wa juu wa Yatta, mmiminiko wa lava iliyoganda, umenyooka kwa karibu kilomita 300. Kuna milima ya Mbooni na Kilungu, yenye miteremko ambako anayeshika sehemu ya juu ana faida kubwa. Kuna jabali la Nzaui huko Makueni, na jiwe la Nzambani karibu na mji wa Kitui, ambalo wenyeji husimulia kwamba ukilizunguka mara saba jinsia yako hubadilika. Waviking wana mwanamke mtabiri kwenye hadithi zao na watengenezaji wa gemu wamemtumia mara nyingi. Ukambani yupo Syokimau, ambaye masimulizi yanasema alitabiri reli kabla haijaonekana. Ipo kilumi, ngoma inayoongozwa na wanawake, yenye uhusiano na pepo na kuomba mvua. Upo ufundi wa wahunzi, waliosifika kwa mikufu myembamba ya shaba na chuma.

Madai kwamba hakuna kilichoandikwa nayo yanaanguka mara moja. C. W. Hobley alichapisha kitabu kuhusu Wakamba mwaka 1910. Gerhard Lindblom aliishi Ukambani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na kuandika The Akamba, kitabu kinene kilichochapishwa Uppsala, chenye habari za silaha, uwindaji, viapo na vita. Lindblom alikuwa Mswidi. Mtu wa nchi inayotajwa kila siku kuwa makao ya hadithi zinazochezeka ndiye aliyekuja kuandika habari za Wakamba, kwa sababu aliziona zinafaa. Naye John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alitoa Akamba Stories mwaka 1966, mkusanyo wa hadithi alizozipata kwa watu wake mwenyewe. Zaidi ya vitabu hivyo, wazee wapo na wanazungumza.

Inabaki hoja moja ambayo ina uzito, ile ya upinde. Ni kweli kwamba silaha iliyowapa Wakamba jina ni mshale wenye sumu ya msunguti. Ni kweli pia kwamba katika michezo ya mapigano ya karibu, wapiga mishale huchukiwa. Wachezaji wa Chivalry na wa Mordhau wamelalamika miaka nenda miaka rudi kuhusu mtu anayesimama mbali na kuwaangusha wenzake wanaopigana kwa panga. Lakini anayeijua silaha yenyewe ataona kwamba hapa ndipo utamu ulipo.

Pambano la karibu katika gemu hujengwa kwa muda. Kila pigo lina sehemu tatu: kuinua silaha, kuishusha, na kurudi mahali pa kuanzia. Mpinzani husoma ile sehemu ya kwanza ili ajue akinge wapi. Katika For Honor unachagua pande tatu za kupiga na kukinga: kushoto, kulia na juu. Katika Mount & Blade pande ni nne. Mchezo unakuwa mzuri pale mchezaji anapopata muda wa kutosha kufikiri, lakini usiotosha kufikiri mara mbili.

Sasa weka mshale wa Mkamba ndani ya utaratibu huo. Sumu yake haimwangushi mtu papo hapo. Hufanya kazi mwilini, na aliyepigwa bado ana muda. Mishale hiyo ilifungwa ngozi laini ili sumu isikauke, na ikabidi ifunguliwe kabla ya kutumiwa. Kwa hiyo mpiga mshale anatumia muda kuuandaa, anapata nafasi ya mshale mmoja au miwili, na akishampata adui wake, adui huyo hana tena cha kupoteza. Atakimbia kuja na simi, upanga mfupi, mkononi, akijua saa yake inahesabika, na mpigaji lazima achomoe yake au ajue kukimbia. Muda wa sumu ndio unaolilazimisha pambano kuwa la karibu. Kanuni hiyo haikubuniwa ofisini. Imetoka kwenye maumbile ya silaha yenyewe. Ongeza miruko ya ngoma za sarakasi za Wakamba kwenye mwendo wa wapiganaji, na utakuwa na mwili unaosogea tofauti kabisa na mzee wa shoka anayetembea kwa uzito.

Wapo watakaokubali haya yote na bado wakasema kazi hii ni ya kampuni zenye mamia ya wafanyakazi. Valheim inawajibu. Richard Svensson aliianza peke yake mwaka 2017, na ilipotoka, kampuni ya Iron Gate ilikuwa na watu watano. Hawako Stockholm. Wako Skövde, mji mdogo wa bara wenye chuo kikuu kinachofundisha utengenezaji wa gemu tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Faili lake lilikuwa na ukubwa wa kama gigabaiti 1, ambao mtu wa Kitui anaweza kuushusha kwa bando bila kufilisika. Mount & Blade ilianzia nyumbani kwa Armağan Yavuz na mkewe İpek huko Uturuki. Chivalry ilitokana na watu waliokuwa wakirekebisha mchezo wa wengine, Half-Life 2, kwa kujifurahisha.

Afrika nayo haijakaa kimya. Wesley Kirinya wa Kenya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, kisha akashirikiana na Mghana Eyram Tawia kuanzisha Leti Arts. Andrew Kaggia alitengeneza Nairobi X, ambamo mji mkuu unavamiwa na viumbe kutoka anga za juu. Huko Yaoundé, Kiro'o Games walivumilia kukatika kwa umeme hadi wakatoa Aurion mwaka 2016, mchezo wa mapigano unaotokana na ngano za Kiafrika. Programu za kutengenezea gemu kama Blender na Godot hazilipiwi. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, Kitui, na Konza, mji wa teknolojia uliowekwa jiwe la msingi Januari 2013, uko Malili, ndani ya Makueni. Inasikitisha kuona kaunti iliyopewa mji wa teknolojia ikiendelea kuamini kwamba teknolojia ya kusimulia habari zake itatoka kwingine.

Ugumu wa kweli uko kwa wachezaji, na huo ndio unaostahili kujadiliwa badala ya ngano za nani alikuwa shujaa zaidi. Mchezo wa kupigana hauwezi kukamilishwa na waliouandika. Unahitaji watu wanaoucheza kila jioni, wanaogundua kwamba pigo fulani halikingiki, na wanaogombana na watengenezaji mpaka lirekebishwe. For Honor ilipotoka, mashine za wachezaji ziliunganishwa moja kwa moja, mapambano yakakatika ovyo, na malalamiko hayakuisha hadi Ubisoft ilipoleta seva maalumu mwaka 2018. Kwa mchezaji wa Ukambani tatizo ni kubwa zaidi. Ujumbe kutoka hapa hadi seva ya Ulaya na kurudi huchukua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na katika pambano linalotegemea kuona pigo likiinuliwa, muda huo unatosha kumfanya mtu mwenye ujuzi aonekane mzembe. Wengi huamini hawajui kucheza, kumbe wanapigana na umbali.

Dawa yake ipo mitaani tayari. Mabanda ya pleisteshoni ya Kitui, Makindu na Emali yamejaa vijana wanaokaa bega kwa bega mbele ya kioo kimoja, bila intaneti. Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, alitoka Kenya akasajiliwa na timu ya Marekani kwa ustadi wake wa Tekken, mchezo ambao hadi leo hunoga zaidi watu wanapoketi chumba kimoja. Mchezo wa Ukambani unapaswa kutengenezwa kwa ajili ya chumba hicho kwanza: watu wawili, vidhibiti viwili, mzunguko wa dakika tatu, na mtengenezaji ameketi nyuma akiandika kila kinachowaudhi.

Tahadhari mbili ni za lazima. Wakoloni waliwaita Wakamba jamii ya kivita ili wawajaze kwenye jeshi lao la King's African Rifles, na mchezo unaorudia sifa hiyo, ukimwonyesha Mkamba kama mtu aliyezaliwa kuua, utakuwa umeazima macho ya mkoloni. Kivoi alikuwa na bidhaa kabla ya kuwa na maadui. Vilevile kithitu, chombo cha kiapo kinachoogopwa hadi leo, si pambo la kumwongezea mhusika nguvu. Atakayetaka kukitumia akae na wazee kwanza, na wakikataa aache.

Atakayeanza hahitaji nchi nzima ya Ukambani. Anahitaji kivuko kimoja cha Tana, wabeba mizigo, washambuliaji, upinde, simi, na sumu inayohesabu sekunde. Mwanafunzi wa Kwa Vonza mwenye kompyuta ya wastani na mwenzake anayejua kuchora anaweza kuupeleka mchezo huo kwenye banda la PS mjini Kitui likizo ijayo, auweke baina ya mechi mbili za mpira wa FIFA, na aone ni vijana wangapi wataomba kurudia.