TUPIME KWANZA, NDIPO TUNUNUE DAWA



Ndugu zangu katika imani, Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila ugonjwa una dawa yake, na dawa ikiupata ugonjwa wake, mtu hupona kwa idhini ya Allah. Zingatieni: si dawa yoyote kwa ugonjwa wowote.

Leo madaktari huchukua kipande cha uvimbe wa saratani, wakasoma jeni zake kabla ya kuchagua dawa. Mwaka 2004 watafiti wa Boston, Marekani, walibaini kwamba dawa ya gefitinib huwafaa sana wagonjwa wa saratani ya mapafu ambao uvimbe wao una mabadiliko katika jeni iitwayo EGFR. Mwaka 2009 utafiti mkubwa wa Asia ya Mashariki ukaonyesha kuwa wasio na mabadiliko hayo walifaidika zaidi na kemotherapi. Ugonjwa jina moja, dawa mbalimbali.

Wapo wasemao huku ni kuingilia siri za Mola. Hapana. Kusoma si kuumba. Ngamia hufungwa kwanza, ndipo tawakkul.

Basi tunapomchangia mgonjwa, tusikimbilie dawa ya gharama kwa kubahatisha. Tumuulize daktari: je, saratani hii ina kipimo cha jeni? Kikiwepo, mchango wa kwanza uwe wa kipimo. Mali ya michango ni amana. Si kila kipimo kitaonyesha dawa, na Mponyaji ni Allah peke yake.

Yaa Shaafi, waponye wagonjwa wetu. Aamin.