Tusomeshe wataalamu wa kompyuta za eksirei

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya kazi moja ambayo vijana wetu hawaijui, na ambayo upungufu wake nimeuona kwa macho yangu.

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa darasa la tano alianguka kutoka juu ya mwembe, akavunjika mkono karibu na kiwiko. Mimi na baba yake tulimpeleka hospitali. Mashine ya eksirei ilikuwapo, tena mpya. Mtaalamu wa mionzi alikuwapo na picha ilipigwa kwa dakika chache. Daktari naye alikuwapo. Kilichokosekana ni njia ya kuifikisha picha kutoka chumba cha eksirei hadi kwenye kompyuta ya daktari. Tuliambiwa hakuna mtandao. Tulikaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi hadi jioni, mpaka daktari alipokwenda mwenyewe kuitazama picha kwenye kioo cha mashine, akaamua mtoto apelekwe hospitali kubwa. Tulipoomba picha yetu tuende nayo, hakuna aliyejua namna ya kuitoa. Kule tulikofika ikapigwa nyingine. Baba akalipa mara ya pili, na mtoto akapigwa mionzi mara ya pili bila sababu.

Wazee wanakumbuka kwamba zamani mgonjwa alitoka chumba cha eksirei na bahasha kubwa kwapani. Ndani mlikuwa na filamu, na daktari yeyote aliweza kuiinua kwenye mwanga wa dirisha akaisoma. Siku hizi picha ni hesabu zilizowekwa ndani ya kompyuta. Jambo hili ni jema, maana picha haififii, hailiwi na panya, na bingwa aliye mamia ya kilomita mbali aweza kuisoma siku hiyo hiyo. Lakini bahasha haikuhitaji fundi. Kompyuta inamhitaji.

Serikali imejitahidi. Mwaka 2021 ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu yake ikanunulia hospitali mashine za CT na eksirei za kisasa. Mashine ya CT hupiga picha ya mwili vipande vipande, kama mkate uliokatwa. Kipande kimoja huchukua kama nusu megabaiti. Mgonjwa mwenye vipande 500 huacha megabaiti 250, na wagonjwa 20 wa namna hiyo kwa siku huacha gigabaiti 5. Nani anazitunza ili mgonjwa akirudi mwakani daktari alinganishe ya zamani na mpya? Nani anahakikisha picha ya mgonjwa mmoja haiingii kwenye jalada la mwingine mwenye jina kama lake? Nani anaziwezesha mashine za viwanda mbalimbali kusomana? Nani anazuia picha za watu kupigwa kwa simu na kutumwa ovyo, ilhali tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022? Hiyo yote ni kazi ya mtu aliyesomea kompyuta na akafahamu pia shughuli za chumba cha eksirei.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya eksirei ni ya madaktari peke yao. Sivyo. Aliyeunda mashine ya CT, Godfrey Hounsfield wa Uingereza, alikuwa mtoto wa mkulima, hakuwa na shahada ya chuo kikuu, na kabla ya hapo alikuwa akiunda kompyuta katika kampuni ya EMI. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha kwa mashine yake huko London mwaka 1971. Mwaka 1979 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyeanza kulifikiria jambo hilo alipokuwa akisimamia mionzi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Wote wawili hawakuwa madaktari wa tiba.

Wengine watauliza kwa nini tuajiri watu wa kompyuta hali wauguzi hawatoshi. Mimi nasema muuguzi asipunguzwe hata mmoja. Lakini siku ile kazi ya daktari, ya mtaalamu wa mionzi na ya mashine ya mamilioni ya fedha ilisimama kwa kukosa mtu mmoja. Fundi wa kompyuta wa hospitali ile, tulivyoelezwa, alikuwa mmoja tu, na siku ile alikuwa dirisha la malipo ambako nako kompyuta zilikwama.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila hospitali yenye mashine hizi iwe na mtumishi wa kompyuta aliyepangiwa idara ya mionzi, mwenye cheo na mshahara unaojulikana. Pili, vyuo vinavyofundisha kompyuta na vile vinavyofundisha mionzi vishirikiane kutoa kozi fupi, ili kijana mwenye stashahada apate ujuzi huu bila kuanza upya. Tatu, mkataba wowote wa kununua mashine uwe na sharti la kuwafundisha vijana wetu kuitunza, siyo kusubiri fundi kutoka ng'ambo.

Nasi walimu tusijitoe. Nikiuliza darasani nani anataka kufanya kazi hospitali, hunyoosha mikono wanaotaka kuwa madaktari na wauguzi tu. Sasa ambapo sekondari zina mkondo wa amali, watoto wetu, wasichana kwa wavulana, waambiwe kwamba anayependa hesabu na kompyuta naye anaweza kumponya mgonjwa.

Mwanafunzi wangu amepona, ingawa mkono haunyooki sawasawa. Ameniuliza picha yake ya kwanza iko wapi. Nilishindwa kumjibu. Naomba wahusika wamjibu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mpwapwa, Dodoma.