Mgeni Asome, Asiandike

Kituo cha Kitaifa cha Data kimejengwa Konza, si mbali na hapa Machakos. Katika vituo vya aina hiyo, mtambo mmoja hubeba tarakilishi pepe nyingi, yaani tarakilishi zisizo na umbo, zinazoendeshwa na programu ndani ya mtambo huo. Wataalamu huziita wageni, na mtambo wenyewe mwenyeji. Istilahi hizo zinatufaa, kwani Mswahili anajua kuwa mgeni ana haki na mipaka.

Mwenyeji anaweza kuwapa wageni wote faili moja, kila mmoja akaiona kama sehemu ya kumbukumbu yake. Nafasi huokolewa, lakini mgeni mmoja akitekwa na wadukuzi, naye ana ruhusa ya kuiandika faili hiyo, atawaharibia wote. Ndiposa mwaka 2021 programu ya QEMU, toleo la 6.0, ilimwezesha mwenyeji kuifanya kumbukumbu hiyo iwe ya kusomwa tu.

Ni maoni yangu kwamba hiyo iwe kanuni ya kwanza popote zinapohifadhiwa rekodi za raia. Ruhusa ya kuandika iombwe, tena kwa sababu.

Aidha, tusikubali istilahi "kumbukumbu inayosomeka". Kusomeka ni sifa ya maandishi. Kusomwa tu ni mpaka anaowekewa msomaji. Mwongozo ukisema "inasomeka", haujamkataza mtu kuandika. Shime, wanaisimu wenzangu, tushirikiane na wahandisi kabla miongozo hiyo haijachapishwa.