Usukani Wako ni Jedwali la Nambari

Nimepotea kidogo, kazi zilinibana. Kilichonirudisha ni ombi la rafiki yangu mwenye gari la umeme. Analalamika kwamba usukani ni mzito akiegesha. "Si wewe ni mtu wa kompyuta? Kuja na laptopu yako uulegeze." Nilikataa, naye akanuna. Wacha nijieleze.

Katika magari ya umeme ya siku hizi, anayekusaidia kupinda usukani ni mota. Ukizungusha, kipande cha chuma kwenye mhimili wa usukani hujisokota kidogo sana. Sensa hupima msokoto huo, kisha kidhibiti huamua mota isaidie kwa nguvu kiasi gani. Uamuzi hutoka kwenye jedwali: upande mmoja nguvu ya mikono yako, upande wa pili mwendo wa gari. Ukiegesha, msaada ni mwingi. Ukiwa kilomita 100 kwa saa, msaada hupunguzwa makusudi, ili chafya moja isikutupe upande wa lori.

Sasa niambie, nikiongeza nambari ili uegeshe kwa kidole kimoja, ni nani atakayepima kilichobadilika kule kwenye kilomita 100? Programu zangu za ofisini zikikwama, mteja huzima na kuwasha upya. Usukani ukikosea kwenye kona, hakuna kuwasha upya.

Ndiyo maana napenda mtindo wa kumpa dereva chaguo chache zilizopimwa. Tesla, kwa mfano, wana chaguo tatu kwenye skrini: usukani mwepesi, wa kawaida na mzito. Kinachobadilika ni uzito mkononi tu. Kiasi cha kuzungusha ili magurudumu yakate kona ni kile kile.

Lakini hata wenye viwanda si malaika. Oktoba 2022, Tesla walianza kutuma programu mpya yenye viwango vipya vya usukani. Nia ilikuwa njema: kidhibiti kitambue vizuri zaidi mota inapotoa nguvu isiyotarajiwa. Kumbe gari likipita barabara mbovu au likigonga shimo, msaada wa usukani ungeweza kupungua au kukatika. Usukani ungezunguka bado, ila kwa jasho, hasa mwendo wa polepole. Novemba 2022 ikabidi watangaze marekebisho kwa magari kama 40,000 ya Model S na Model X, ya miaka ya 2017 hadi 2021. Dawa nayo ilitumwa kwa mtandao.

Shimo, jamani! Kwingine shimo ni tukio. Kwetu, sehemu nyingine shimo ndiyo barabara.

Msimamo wangu ni huu. Nambari zenyewe zifungwe, nisiziguse mimi wala fundi wa mtaani. Lakini kiwanda kikizibadilisha, kimwambie dereva kwa lugha nyepesi kabla hajang'oa gari, na kizijaribu kwenye barabara kama zetu, si lami laini peke yake.

Na rafiki yangu? Tulipima upepo wa tairi za mbele, tukakuta umepungua sana. Tukajaza, usukani ukalegea. Laptopu haikutoka kwenye begi.

Wewe waonaje? Ungekubali mtu abadilishe usukani wako ukiwa umelala?